Dirisha linaungua, pembeni giza: ushike nini kwanza?

Umeuliza hivi, kwa ufupi. Una sebule uliyoijenga kwenye kompyuta, ina dirisha moja kubwa, na nje ni jua la mchana. Ukipandisha ekspoja, yaani kiasi cha mwanga ambacho kamera inapokea, ili chumba kionekane, dirisha linaungua na kubaki karatasi nyeupe. Ukiishusha, nje kunapendeza lakini sebule inageuka pango. Ukajaribu kubadili mkunjo wa toni. Dirisha likarudi kidogo, ila picha nzima ikawa kama imemwagiwa majivu. Nyuma ya dirisha umeweka picha ya mandhari, na kazi unaimalizia kwenye programu nyingine. Sasa unataka kujua ushike kipi kwanza.

Shika rangi za kuta na mwanga wenyewe kwanza, halafu ekspoja. Mkunjo wa toni, yaani ile hesabu inayobana mwanga wote wa chumba uenee kwenye skrini, uchague siku ya kwanza kabisa na uuache hapo ulipo. Watu wengi wanaugeuza dawa ya kila ugonjwa, na majivu unayoyaona ndiyo madhara yake.

Tupige hesabu ya chumba kama chako. Jua la adhuhuri lisilo na wingu linaangusha ardhini takriban luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu). Ukutani mwa ndani, hatua chache kutoka dirishani, tuseme zinafika luksi 400. Nyasi za nje zinarudisha kama asilimia 20 ya mwanga unaoziangukia, ukuta mweupe asilimia 80. Kupata mng'ao ambao kamera inauona, zidisha mwanga kwa uakisi, yaani ile sehemu inayorudishwa, kisha gawa kwa pai. Nyasi zinatoa kandela 6,400 hivi kwa mita ya mraba, ukuta 102. Umeona ajabu yake? Nyasi za kijani zinang'aa mara 62 kuliko ukuta mweupe. Wapiga picha hupima tofauti hiyo kwa stopu, na kila stopu ni kuzidisha kwa mbili, kwa hiyo hapo pana stopu sita. Sasa nenda kwenye kabati la mbao nyeusi pale pembeni, linalopata luksi 40 na kurudisha asilimia 10 tu: kandela 1.3. Toka kabatini hadi kwenye nyasi ni mara 5,000, stopu 12 na ushee.

Ukiwa umesimama ndani ya chumba halisi huoni tatizo hilo kwa sababu jicho halitulii. Linatazama nje, linajirekebisha, linarudi kabatini, linajirekebisha tena, na ubongo unaziunga picha hizo kimyakimya. Kamera inapata nafasi moja. Mpiga picha akiwa ndani ya sebule hiyo angeanza na kitu kama tundu la lenzi la f/5.6, shata ya sekunde 1/8, na wepesi wa kuhisi mwanga wa ISO 100. Akitoka nje kwenye jua angeweka f/16 na 1/125 kwa ISO ileile. Kati ya mipangilio hiyo miwili kuna stopu saba, na hakuna kitufe cha kamera kinachoweza kuwa sehemu zote mbili kwa wakati mmoja. Dirisha lako linaungua kwa sababu umelijenga vizuri.

Hata hivyo, kabla ya kugusa ekspoja, kagua kuta. Hapa ndipo ninapokuta ugonjwa mara nyingi ninapofungua kazi za wengine. Mtu anataka ukuta mweupe, anaweka nyeupe ya 255 kwenye kisanduku cha rangi, anaendelea na safari. Rangi nyeupe ya kawaida ya ukutani inarudisha asilimia 80 hivi ya mwanga. Kwenye kipimo cha 0 hadi 255 hiyo ni takriban 231. Tofauti inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba chumba ni boksi na mwanga unarukaruka humo. Katika chumba kilichofungwa ambacho kila uso una uakisi uleule, mwanga wote unaokusanyika ni moja gawa kwa moja toa uakisi. Kwa 0.8 unapata mara tano. Kwa 0.9 mara kumi. Kwa 0.95 mara ishirini. Ukiweka 1 kamili hesabu haina mwisho, na programu inaendelea kurusha mwanga mpaka idadi ya midundo uliyoiruhusu iishe. Chumba cha namna hiyo kinajaa mwanga usio na mahali ulikotoka: vivuli vya chini ya viti vinafutika, pembe za dari zinapotea, kila kitu kinaelea. Kisha unashusha ekspoja kupambana na weupe huo, na kabati linazidi kuzama.

Kosa la upande wa pili ni kubana midundo. Mtu ameambiwa kwamba midundo minne inaharakisha kurenda, yaani kompyuta kuipigia hesabu picha ya mwisho, na ni kweli inaharakisha. Lakini kwenye chumba chenye uakisi wa 0.8, mwanga wa moja kwa moja pamoja na midundo minne ni takriban asilimia 67 ya mwanga wote. Theluthi moja imetupwa, na haikutupwa sawasawa: pembe za mbali zinaishi kwa midundo ya mwishomwisho, kwa hiyo ndizo zinazoumia zaidi. Hali ni hiyohiyo kwa kile kizuizi cha kuua vimulimuli, zile nukta nyeupe zinazotapakaa kwenye picha. Kikiwa kikali mno kinameza na mwanga halali. Kwa chumba cheupe cha mchana ninaweka midundo 12 au zaidi, na kizuizi nakilegeza mpaka pale vimulimuli vinapoanza kuchungulia.

Kuta zikiwa sawa, sasa ekspoja. Weka tufe dogo la kijivu chenye uakisi wa 0.18 mahali ambapo macho ya mtazamaji yatatua, tuseme juu ya meza ya sebule. Zima mkunjo wa toni kwa muda, tazama kwa muonekano wa kawaida wa skrini, kisha sogeza ekspoja mpaka upande wa tufe unaopokea mwanga usome karibu na 118. Hapo una msingi. Kuanzia hapo ukipandisha nusu stopu kwa sababu unataka chumba cha furaha, au ukishusha stopu nzima kwa sababu unataka utulivu wa jioni, unafanya uamuzi ukijua umetoka wapi. Usiiachie ekspoja ya otomatiki kazi hii. Yenyewe haijui kama ukuta ni mweupe. Inajua wastani tu, na wastani inaupeleka kwenye kijivu. Chumba cheupe kitatoka kichafu, chumba cha mbao nyeusi kitatoka kimepauka. Tena, kama programu yako inatumia kamera inayofuata fizikia, badilisha shata au ISO, tundu la lenzi uliache, maana ukiligusa utashangaa mto wa sofa umepoteza ukali wake.

Sasa majivu. Mwaka 2002 Erik Reinhard na wenzake walichapisha njia ya kupanga toni iliyoazima fikra za mpiga picha Ansel Adams na mfumo wake wa kanda za mwanga. Umbo lake jepesi zaidi linaandikwa hata kwenye kiganja: chukua thamani ya pikseli, igawe kwa moja jumlisha thamani hiyohiyo. Thamani haiwezi kuvuka moja hata mwanga uwe mkali namna gani. Inavutia. Tuipeleke sebuleni tuone.

Tuseme umeweka ekspoja ili ukuta wetu wa kandela 102 usome 0.8. Bila mkunjo wowote, ukuta huo unaonekana 231 kwenye skrini, mweupe safi. Pitisha kwenye hesabu ya Reinhard: 0.8 gawa kwa 1.8 ni 0.44, na skrini inaionyesha kama 177. Ukuta wako mweupe umekuwa wa saruji. Hayo ndiyo majivu. Basi angalau dirisha limepona? Nyasi ziko kwenye 50. 50 gawa kwa 51 ni 0.98, yaani 253. Nyasi zilizo kivulini, zenye nusu ya mwanga huo, zinasoma 251. Ukuta mweupe wa jirani uliopigwa na jua unasoma 254. Vitu vitatu tofauti kabisa, vyote vimebanwa ndani ya hatua tatu za mwisho za skrini, na hakuna jicho litakaloviona. Umelipa weupe wa chumba kizima na dirisha bado ni karatasi.

Nimekuonyesha namba hizo kwa makusudi, kwa sababu watu husema "mkunjo umeokoa dirisha" wakati kilichookoa dirisha ni ekspoja waliyoishusha baada ya kuweka mkunjo. Umbo kamili la njia ya Reinhard lina thamani ya weupe unayoweza kuichagua, na programu ya kurenda ya V-Ray ina kitelezi kinachokupeleka taratibu kutoka kwenye mstari mnyoofu hadi kwenye kubana kabisa. Ukikitumia, kiache karibu na mstari mnyoofu. Mimi kwa vyumba napendelea mikunjo ya familia ya filamu, ile yenye unyayo chini, mstari karibu mnyoofu katikati na bega juu. Bega linabana sehemu angavu tu, kwa hiyo ukuta haubebeshwi gharama yote ya dirisha.

Kwenye Blender, programu ya kujengea picha za 3D, mkunjo wa Filmic uliingia na toleo la 2.79 mwaka 2017, na kuanzia toleo la 4.0 la mwaka 2023 chaguo la msingi ni AgX. Yote miwili inatoka ikiwa imelala kidogo, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Programu inakupa orodha ya mionekano yenye kontrasti ya viwango mbalimbali ya kuweka juu yake. Wengi hawaifungui orodha hiyo, wanaona picha imepooza, wanaanza kuongeza taa. Kama majivu yako yametokea kwenye AgX, jaribu kwanza kontrasti ya juu kidogo kabla ya kusogeza chochote.

Kuna chanzo kingine cha majivu ambacho nakishuku kwako, kwa sababu umesema unamalizia picha kwenye programu nyingine: mkunjo umepita mara mbili. Umeuwasha kwenye dirisha la kurenda, ukahifadhi faili ukiwa umechomwa ndani yake, ukalifungua faili kule na kuweka mkunjo mwingine. Hifadhi faili la picha la aina ya EXR la biti 16 likiwa na mwanga mtupu, bila mkunjo; fomati hiyo inabeba thamani hadi 65,504, kwa hiyo nyasi zako za 50 hazitaisumbua. Mkunjo uwekwe mahali pamoja tu.

Mkunjo pia unagusa rangi, si mwanga peke yake. Chukua taa ya meza yenye rangi ya chungwa, pikseli yake ikiwa na nyekundu 8, kijani 3, bluu 0.8. Ukiikata kila rangi kivyake kwenye moja, unabaki na 1, 1, 0.8: taa imekuwa ya njano mpauko na chungwa limetoweka. AgX imeundwa kupeleka rangi kama hizo kwenye weupe polepole bila kurukia rangi jirani. ACES, mfumo wa rangi uliotoka kwa watu wa tuzo za Oscar, una kontrasti tamu sana lakini bluu kali huelekea zambarau, na nyekundu kali huelekea chungwa. Kwa sebule yenye taa za joto na zulia la bluu, mimi siutumii. Wengine wanaupenda, na picha zao ni nzuri. Hilo ni suala la ladha.

Turudi dirishani, maana hapo ndipo kazi ilipo. Njia rahisi ya kupunguza tofauti ni kubadilisha hali ya hewa. Anga lililofunikwa na mawingu linaangusha kama luksi 10,000, na sebule ikipata asilimia mbili ya hiyo, ukutani zitafika 200. Piga hesabu ileile: nyasi 637, ukuta 51, tofauti mara 12 na nusu. Kutoka stopu sita umeshuka hadi kati ya tatu na nne, na hujagusa kitelezi chochote cha picha. Hata bila mawingu, lizungushe jua lipige upande wa pili wa nyumba. Au sogeza saa hadi dakika chache baada ya jua kuzama, wakati anga na taa za ndani vinakaribiana. Wapiga picha wa majengo wanaipenda saa hiyo kwa sababu hiyohiyo.

Usitegemee taa za dari kuokoa picha ya mchana. Balbu ya lumeni 800, ambayo ni sawa na ile ya zamani ya wati 60, ukiitandaza juu ya sakafu ya mita za mraba 20 inakupa luksi 40 kwa hesabu ya haraka. Mbele ya luksi 400 za mchana haina usemi. Ukiipandisha mpaka ishinde mchana, mtazamaji ataona taa ya uwanja wa mpira imening'inia sebuleni. Kama lazima uongeze mwanga wa kujazia, tumia bamba kubwa la mwanga nyuma ya kamera, lielekeze darini, lisionekane kwenye vioo, na liache likiwa hafifu. Ukilizima na kuliwasha, uone tofauti lakini usione kivuli kipya.

Na ile picha ya mandhari ya nje uliyoiweka nyuma ya dirisha, unaweza kuipunguza kwa kamera peke yake, mwanga unaoingia ukabaki vilevile. Wote tunafanya hivyo. Stopu moja, mbili, inapita. Niliwahi kupitiliza. Mteja alitaka bustani ionekane kila jani, nami nikaishusha stopu tano. Akatazama picha, akasema kuna kitu hakimkai lakini hajui ni nini. Tulikaa nayo nusu saa ndipo nikaona: sakafu ilikuwa ya vigae vinavyong'aa, na taswira ya dirisha kwenye vigae ilikuwa angavu kuliko dirisha lenyewe. Kioo hakiwezi kurudisha zaidi ya kilichopokea, na jicho linajua hilo hata kama mwenye jicho hajawahi kulifikiria. Bustani nayo ilionekana kama bango lililobandikwa ukutani. Tangu siku hiyo naliacha dirisha likae stopu mbili hadi tatu juu ya ukuta wa ndani, majani yasomeke lakini yawe yamepauka, na kabla ya kukabidhi kazi natazama sakafu kwanza.

Ukiona fremu ya dirisha imekonda na kingo zake zina meno ya msumeno, usiongeze sampuli (miale ambayo kompyuta inaipima kwa kila pikseli), utachosha mashine bure. Pikseli iliyo mpakani, asilimia tano tu dirisha lenye 50 na iliyobaki fremu yenye 0.1, wastani wake ni 2.6. Kwa skrini hiyo ni nyeupe tupu. Kwa hiyo kila pikseli iliyoguswa kidogo na dirisha inaungua nzima, na ule ulaini wa kingo hauna pa kutokea. Baadhi ya programu zina kitufe cha kubana kila sampuli kabla ya kuchanganywa. Kinafanya kazi, ila kinakunyima mng'ao unaomwagika kuzunguka dirisha, ambao binafsi naupenda. Tofauti ya dirisha na ukuta ikishuka hadi zile stopu mbili au tatu, meno mengi yanatoweka yenyewe.

Mizani ya weupe, yaani mwanga ambao kamera inauchukulia kuwa mweupe, nitaigusa kwa haraka. Mwanga wa anga una ubluu, balbu za joto ziko karibu na kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2,700 hadi 3,000. Ukisawazisha kwa anga pekee, taa zitakuwa chungwa. Ukisawazisha kwa taa, dirisha litakuwa bluu. Simama katikati ukielemea upande wa mwanga mkubwa, na usijaribu kuvifanya vyote viwili vyeupe.

Kwa picha yako yenyewe, ningeanza kwa kushusha kuta hadi 231, kupandisha midundo, na kulizungusha jua litoke mbele ya dirisha. Kisha tufe la kijivu mezani, AgX yenye kontrasti ya kati, na EXR isiyochomwa mkunjo. Baada ya hapo kabati la pembeni litakuwa bado na giza kiasi. Liache, au weka taa ndogo ya meza karibu nalo, kama ambavyo mwenye nyumba angefanya.